Mafungo ya Kimya ya Zen: Tengeneza Kwanza Mkao Wako

Wengi wanaojiandikisha kwa mara ya kwanza mafungo ya Zen, yaani siku za kujitenga ili kutafakari kwa kukaa kimya kwa desturi ya tawi hilo la Ubuddha, huogopa kimya. Kimya huzoeleka haraka. Magoti na mgongo ndivyo huwatoa watu mapema, mara nyingi siku ya 2 au ya 3.

Katika sesshini, yaani mafungo kamili, siku huanza kabla ya jua kuchomoza. Vipindi vya kukaa, zazeni, huwa vya dakika 25 hadi 50, na katikati watu hutembea taratibu kwa dakika 5 au 10. Ukikaa vibaya, unalirudia kosa hilohilo kutwa nzima. Kwa hiyo anza mazoezi mwezi mmoja kabla: dakika 10 kila siku, uongeze hadi 30, kisha vipindi viwili mfululizo. Kama unakunywa kahawa kila siku, ipunguze wiki nzima kabla ya kwenda. Ukiiacha ghafla, kichwa huanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24.

Utapewa zafu, mto wa duara, juu ya godoro jembamba. Kalia theluthi ya mbele ya mto, si katikati, ili nyonga ziiname mbele na mgongo unyooke bila kukazwa. Nyonga ziwe juu kuliko magoti, na magoti yote mawili yaegemee chini. Goti likining'inia, kiuno huchoka kwa kulibeba: ongeza urefu wa mto au sukumia blanketi lililokunjwa chini ya goti. Usilazimishe kupandisha mguu juu ya paja. Mzunguko wa mguu unaohitajika hapo hutoka kwenye nyonga. Nyonga ikikataa, goti ndilo hupindishwa, na jeraha la goti huchukua muda mrefu kupona. Kibao cha kupigia magoti, au kiti ambacho huegemei, ni zazeni kamili.

Macho yabaki nusu wazi, yakitazama sakafu kama mita moja mbele. Kiganja cha kushoto kikae juu ya cha kulia, ncha za vidole gumba zigusane kidogo tu. Gumba zikiachana, unasinzia, zikisukumana, umejikaza. Hesabu pumzi 1 hadi 10, na ukipotea anza tena 1.

Ganzi na maumivu ni vitu viwili. Ganzi hutokana hasa na neva kubanwa, nayo huisha ukinyoosha mguu. Maumivu makali ndani ya goti hayavumiliwi: unganisha viganja, inama, badili mkao, inama tena. Kengele ya mwisho ikilia, usisimamie mguu uliokufa ganzi, kwa sababu kifundo huteguka kirahisi. Ukande mpaka uhisi vidole.

Kimya hujumuisha simu, vitabu, kalamu na hata kutazamana. Ukimtupia jicho jirani, utashinda saa nzima ukijiuliza amekuonaje. Vaa nguo pana za rangi iliyotulia, bila manukato wala vitu vinavyolia. Chakula chukua kidogo: ulichopakua unakimaliza, na tumbo lililojaa huleta usingizi kipindi kinachofuata.

Kuna mambo ambayo kuyanyamazia ni kosa. Mwambie mratibu mapema kuhusu dawa unazotumia, jeraha, au historia ya ugonjwa wa akili, na usiache dawa kwa ajili ya mafungo. Dokusani, mazungumzo mafupi ya faragha na mwalimu, yapo ili useme. Nenda na jambo moja linalokusumbua katika kukaa kwako. Ukuta ukionekana kusogea au rangi zikicheza, endelea na pumzi, kwani macho yaliyotulia muda mrefu hufanya hivyo. Lakini ukikosa usingizi usiku mzima, au hofu ikikuandama hata nje ya ukumbi, mwambie mwalimu siku hiyohiyo, na ukiona haja ya kuondoka, ondoka.