Farasi wa Bunju, nimchukue?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Kigamboni, nimejifunza kupanda farasi mwaka mzima na sasa nataka wangu, wa kutembea naye Jumamosi asubuhi kwenye njia za mchanga hadi Mbutu na ufukweni. Dalali mmoja wa Bunju ananiuzia dume aliyehasiwa, anasema ana miaka 7 na "hata mtoto anampanda". Shemeji ananihimiza nilipe wiki hii asije akachukuliwa. Nimkague vipi? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Shemeji mwambie atulie, asije akakununulia mbuzi kwenye gunia.

Mwambie dalali utafika saa nne, wewe fika saa mbili. Ukimkuta farasi ana tandiko mgongoni na jasho chini ya mkanda, jua amekimbizwa alfajiri ili umkute mnyonge. Unatakiwa umkute bandani, mkavu, umwone anavyokamatwa, anavyoinuliwa kwato na kuvishwa lijamu. Akilaza masikio nyuma mkanda unapokazwa, amekwambia jambo.

Umri utazame mdomoni. Kwenye jino la mbele la juu, lile la pembeni, kuna mfereji mwembamba unaoanza kwenye fizi farasi akikaribia miaka 10, na hufika katikati ya jino kwenye 15 hivi. Wa miaka 7 hana. Ukiuona umefika katikati umedanganywa, ila usikimbie: kwa anayeanza, mzee wa miaka 15 mwenye miguu mizima namchagua mbele ya kijana wa miaka 4. Shusha bei tu.

Miguuni ndipo mimi nilipopigwa. Nilinunua jike wa kahawia hapa hapa Dar. Kwenye uwanja wa muuzaji, mchanga mtupu, alitembea kama bibi harusi. Siku ya nne, kwenye sementi ya mlangoni kwangu, kila akikanyaga mguu wa mbele wa kushoto kichwa kinaruka juu. Mchanga laini ulikuwa umemficha, na sishangai kama na dawa ya maumivu ilikuwemo. Kwa hiyo huyo wako apelekwe kwenye lami, mtu amkimbize polepole kwa kamba, nawe tazama kichwa: kinapanda akikanyaga mguu mbovu wa mbele, kinashuka akikanyaga mzima. Halafu rudi siku nyingine bila taarifa, na daktari wa mifugo unayemlipa wewe, si wa dalali. Achukue na damu, ipimwe kama ana dawa ya maumivu mwilini.

Kumzungusha uani hakukwambii kitu. Muuzaji apande kwanza. Akileta visingizio, aga uondoke. Kisha panda wewe, toka naye getini peke yenu, wenzake wabaki bandani. Wapole wengi hubadilika hapo hapo, hata hatua 50 hamjafika. Mpe kijana wa bodaboda buku mbili apite mara tatu akipiga honi. Mpitishe penye turubai linalopepea na kwenye dimbwi. Asiyeshtuka kabisa namtilia shaka. Mzuri ni yule anayeshtuka, akasimama, akakusikiliza.

Kabla hujaondoka okota kinyesi kibichi, tia kwenye chupa ya maji, tikisa, uiache itulie. (Watakucheka, waache.) Mchanga ukituama mwingi chini, analishwa ardhini. Mchanga hujaa matumboni ukaleta msokoto wa tumbo, na farasi hawezi kutapika. Huko kwako Kigamboni majani yake weka kwenye hori.

Uliza pia kadi ya chanjo. Ule ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi na huua haraka. Tangu magharibi hadi alfajiri awe ndani, penye wavu wa matundu madogo kabisa.

Na mwone akipanda Canter. Niliwahi kusimama juani saa tano nzima farasi amegoma, dereva anahesabu pesa ya kusubiri, na foleni ya darajani bado hatujaigusa. Lipa akishakuwa ndani ya gari.