Kabla hujaagiza alumini kuleta Marekani, soma hapa kwanza

Wadau, nina karakana yangu ndogo hapa Houston, natengeneza madirisha na milango ya alumini, na mwaka 2025 ushuru ulinipiga mpaka nikakoma, sasa naandika ili mwenzangu usipite njia ileile.

Ilikuwa hivi. Aprili niliagiza profaili, yaani zile fito ndefu za alumini za kutengenezea fremu, kutoka Uturuki, mzigo wa dola 18,000, na ushuru wakati huo ulikuwa 25% maana Trump alishaupandisha Machi kutoka ile 10% yake ya 2018. Nikapiga hesabu, 4,500, nikampa mteja bei, akalipa advansi, kazi imeanza. Kontena liko baharini, tarehe 4 Juni ushuru ukawa 50%. Mimi najiambia si niliagiza Aprili bwana, hainihusu. Wakala wangu wa forodha, Mkenya mmoja hivi, akacheka kwenye simu, kaka, siku uliyoagiza hakuna anayeiuliza, wanaangalia siku mzigo unaingia forodha. 9,000. Faida yote kwishney na mfukoni nikaongezea.

Kwa hiyo sasa kotesheni yangu ina mstari mmoja kwa herufi nene: ushuru utahesabiwa siku mzigo unapoingia forodha. Wapo wateja wanaonuna na kuondoka, waende tu.

Kingine karatasi. Kabla hujatuma hela muuzaji akupe cheti kinachoonyesha alumini yenyewe ilizalishwa nchi gani na ikamiminwa wapi mara ya mwisho. Ukijaza haijulikani wanakutoza kama ya Urusi, yaani 200%, sio utani. Muuzaji wangu hata yeye hakujua, ikabidi akamuulize aliyemuuzia, wiki mbili zikapita. Na profaili za China achana nazo kabisa, zina ushuru wao mwingine tangu 2011 unaopandishwa juu ya huu.

Utasema si ununue ya hapahapa. Nilijaribu. Bei ya hapa nayo ilipanda, maana muuzaji wa ndani anaona ya nje imepanda naye anasogea, halafu alumini ghafi nyingi inatoka Canada nayo inatozwa. Viwanda vya kuizalisha huku vimebaki vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, tani moja inakula umeme kama kWh 14,000, wenzao wa Quebec, Canada, wana mabwawa ya umeme. Kile cha New Madrid, Missouri kilizimwa Januari 2024. Wanasema ushuru utavifufua, labda, ila mimi kodi ya karakana nalipa mwezi huu.

Kilichoniokoa kidogo ni kuuza vipande vya alumini vinavyobaki nikikata. Zamani nilikuwa natupa, siku hizi nafagia mpaka vya urefu wa kidole. Hivi naandika nina mapipa matatu nyuma, jamaa wa skrepa anakuja Ijumaa na mzani wake, na mimi nimenunua wangu, maana mara ya kwanza alinipunja uzito wa paundi kumi na moja.