Ziwa Kivu: kabla ya kumkatalia mtu mzima kuogelea

Kando ya ziwa huku Goma, mashariki mwa Kongo, parseli (viwanja vya nyumba) nyingi zina lango la kushukia majini, na lango lina kufuli. Mwenye nyumba, au mkubwa wa kazi, amekwisha kusema: hakuna kuogelea. Ukiuliza sababu, mlinzi anajibu, "Ni gesi, baba," na maneno yameisha. Mtu wa miaka 40, baba wa watoto, anakatazwa kama mtoto wa shule ya msingi.

Mlinzi hadanganyi, ila anachanganya mambo mawili. Gesi inayotajwa sana imeyeyuka chini kabisa, zaidi ya mita 260, na uzito wa maji umeikandamiza huko. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikata mji ikaingia ziwani, na gesi hiyo haikulipuka. Miguu ya mwogeleaji itaifanya nini?

Ya kuogopa ni mazuku. Hiyo ni kaboni dioksidi inayotoka katika nyufa za mawe, hasa upande wa Keshero kuelekea Sake, magharibi ya mji. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hulala kwenye vibonde na vihori (vighuba vidogo vya ziwa) kama maji ndani ya beseni. Usiku usio na upepo hujaa; jua na upepo huitawanya. Mwenzako aliyesimama juu ya jiwe anaweza kuwa mzima kabisa, na wewe uliye majini, pua ikiwa sentimita chache juu ya maji, ukavuta gesi tupu.

Hapo ndipo kufuli linapoharibu. Aliyekatazwa haachi kuogelea: anashuka alfajiri, peke yake, kabla mlinzi hajaamka. Hakuna saa mbaya kuliko hiyo.

Basi ingia baada ya saa nne asubuhi, upepo ukivuma, mahali palipo wazi. Kihori kilichozungukwa na mawe kiache. Watu hushusha kiberiti kwa fimbo kupima: moto ukizimika, ondoka. Ukiendelea kuwaka, usijidanganye, maana kichwa huanza kuuma kabla moto haujazimika. Kichwa kizito au pumzi za haraka, panda juu mara moja. Mwenzako akianguka kibondeni, usiinamie kumwinua. Wengi hufa wakifuatana hivyo. Mvute kwa kamba ukiwa juu.

Ufuko wa lava hukata nyayo, kwa hiyo vaa viatu vya plastiki. Kina nacho huanza ghafla, kwa hiyo fuatana na bidoni (dumu) tupu ya lita 5, iliyofungwa kifuniko. Huinua kama kilo 5, na hizo hutosha kushikilia kichwa juu ya maji. Izamishe kwanza: ikitoa mapovu kwenye kifuniko, tafuta nyingine. Kamba ya kuifunga kiunoni isizidi mita moja na nusu, la sivyo itafunga miguu.

Kuvaa jile (koti la kuelea) ndani ya boti ni habari nyingine. Sheria hiyo haina ubishi.

Na ubao wa langoni uandikwe upya: saa za kuingia, kihori cha kuepuka, kamba inapotundikwa.