Oili chafu kwenye mnyororo wa baiskeli

Swali: Ninatumia baiskeli ya gia moja kubebea mizigo mkoani Shinyanga. Kila wiki ninaupaka mnyororo oili chafu ninayopewa gereji, lakini hazipiti siku tatu kabla haujaanza kulia na kujaa uchafu mweusi. Ninakosea wapi, na niusafisheje nyumbani?

Jibu: Ndugu msomaji, mnyororo wako unalia kwa sababu mafuta mengi yako nje, ilhali msuguano unaoula mnyororo hutokea ndani, baina ya pini na sehemu zinazozunguka juu yake. Mafuta yanayobaki nje hunasa vumbi, na vumbi hilo likichanganyika nayo hufanya kazi ya msasa. Oili chafu huzidisha madhara, kwa kuwa imekwisha kubeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini; isitoshe, si salama kuigusa kwa mikono mitupu mara kwa mara.

Kama mnyororo una kibanio cha kuungia, ufungue, uuloweke katika mafuta ya taa ndani ya kopo, mbali kabisa na moto, kisha uusugue kwa mswaki mkuukuu. Petroli usiitumie, kwani mvuke wake huwaka upesi mno. Sugua pia meno ya mbele na ya nyuma, maana mnyororo safi ukirudishwa juu ya meno machafu utachafuka siku hiyo hiyo. Ufute, uuache ukauke kabisa, kwa sababu mafuta ya taa yaliyobaki ndani yatayeyusha mafuta mapya. Wakati wa kuufunga, upande wa kibanio uliofumba utangulie kule mnyororo unakokwenda.

Sasa tia mafuta ya cherehani, au oili mpya ya injini ukiyakosa, tone moja kwa kila rola, yaani kile kigurudumu kidogo kinachozunguka juu ya pini. Bomba la sindano hurahisisha kazi hii. Zungusha pedali kinyumenyume kwa dakika chache ili yapenye, kisha ufute nje kwa kitambaa kikavu hadi mnyororo ukaribie kuonekana kama haukutiwa kitu. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nami huiona kuwa muhimu kuliko aina ya mafuta. Grisi ni nzito, haipenyi. Mafuta ya kupikia hugandamana kama gundi. Mafuta ya cherehani huoshwa upesi na mvua, hivyo wakati wa masika utayarudia mara nyingi zaidi.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, pima mnyororo wenyewe kwa rula. Kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, mnyororo mpya una takriban milimita 305. Ukikuta 308 au zaidi, umekwisha, na usafi hautaurudisha. Nunua mwingine, na kama meno nayo yamechongoka kama ndoana, yabadilishe pamoja nao.