Maswali na Majibu: Seva Imeondoka, Rekodi Zimebaki

Barua nyingi safari hii zimetoka Nakuru na magharibi mwa Kenya, na karibu zote zinalia kilio kimoja: kitu kimeondolewa kwenye klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja), lakini hifadhidata bado inakitaja. Nimejibu tano.

Tulikuwa na seva tatu za Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya seva), ofisini kwetu Milimani, Kisumu. Moja ilikufa, nikaiondoa kwa amri ya pvecm delnode. Jina lake bado linaonekana kwenye orodha. Nifute folda yake?

Utaifuta, ila kwanza ifungue uone kilichomo. Proxmox huweka mipangilio yote ya klasta kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite, faili la config.db, na kuionyesha kama folda za kawaida chini ya /etc/pve. Amri uliyotumia inaitoa seva kwenye orodha ya Corosync, programu inayoziunganisha seva za klasta, lakini folda yake chini ya /etc/pve/nodes inabaki. Ndani yake kuna qemu-server na lxc, na humo ndimo yanamokaa mafaili ya mipangilio ya mashine pepe zilizokuwa kwenye seva hiyo. Ukifuta bila kutazama, unafuta maelezo ya mashine ambazo huenda diski zake bado ni nzima kwenye hifadhi ya pamoja. Yahamishe kwa mv hadi kwenye folda ya seva iliyo hai, hakikisha mashine zinawaka, ndipo ufute folda. Hilo faili la config.db lenyewe usiliguse kwa mkono.

Na seva uliyoiondoa isiwashwe tena kwenye mtandao huo ikiwa na mipangilio yake ya zamani. Ikitengenezwa, isakinishwe upya.

Kuna jambo hukuliuliza ambalo linanitia wasiwasi zaidi. Sasa mna seva mbili, kila moja na kura yake, na akidi (idadi ya chini ya kura ili klasta ifanye kazi) ni kura mbili. Stima ikikatika upande mmoja, seva itakayobaki haitakuwa na akidi: /etc/pve itasomeka tu bila kuandikika, na mashine iliyozimwa haitakubali kuwaka. Tafuteni kompyuta ndogo nje ya klasta ishike kura ya tatu kama QDevice. Fanyeni hivyo wiki hii.

Chama chetu cha akiba hapa Nakuru hutuma SMS kwa wanachama, na namba zao ziko kwenye Cassandra, hifadhidata inayoweka nakala kwenye seva kadhaa. Mwanachama alijitoa, tukafuta rekodi yake. Majuzi tuliwasha seva iliyokuwa imezimwa wiki tatu, na sasa anapokea SMS tena. Nani amemrudisha?

Seva hiyo ndiyo iliyomrudisha. Cassandra haifuti rekodi papo hapo. Inaandika alama kwamba rekodi imefutwa, na alama hiyo inasambazwa kwa seva zote zenye nakala. Alama huhifadhiwa kwa muda wa gc_grace_seconds, ambao usipoubadilisha ni sekunde 864,000, yaani siku 10. Baada ya hapo, Cassandra inapobana mafaili yake, alama nayo hutupwa. Seva yenu ilikuwa imelala muda wote huo. Imeamka ni kama jamaa aliyerudi safarini bila kupata habari za msiba: bado anamtaja marehemu, na waliosahau wanamwamini.

Futeni rekodi tena seva zote zikiwa hai, kisha endesheni nodetool repair, amri ya kulinganisha nakala, kwenye kila seva, na kazi hiyo iwe ratiba ya kudumu, kila mara kabla ya siku 10 kutimia. Seva ikikaa nje kupita muda huo, msiirudishe na data yake. Isafisheni, iingie kama mpya kuchukua nafasi ya ile ya zamani.

Lakini msiishie kwa huyu mmoja. Huenda wengine wamefufuka naye na hawajalalamika. Chukueni orodha ya wote waliofutwa kipindi hicho, mkague jina kwa jina. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe pale ambapo mwenye kuzishika hana tena idhini ya kukaa nazo, na huyu alishaaga. Mpigieni simu mumwombe radhi.

Niko Bungoma. Seva yetu moja ya Cassandra iliungua, na nodetool status bado inaionyesha kwa herufi DN, yaani imezimika. Inatoka vipi?

Nakili Host ID yake (kitambulisho chake kwenye orodha hiyo), kisha endesha nodetool removenode ukiwa kwenye seva iliyo hai. Ile amri ya assassinate iache hadi removenode ishindwe kabisa, kwa sababu assassinate haihamishi data yoyote.

Ninasoma Njoro. Klasta yangu ya hifadhidata ya MongoDB yenye shadi mbili (sehemu zinazogawana data) inahesabu hati nyingi kuliko nilizoingiza. Kwa nini?

Hati zinapohama kutoka shadi moja hadi nyingine, nakala za zamani hubaki kwa muda kule zilikotoka. Hesabu ya haraka isiyo na kichujio inazijumlisha. Tumia countDocuments. Mabaki hayo MongoDB huyafuta yenyewe. Kwa kawaida husubiri angalau sekunde 900.

Duka letu la jumla Kakamega linatumia hifadhidata ya PostgreSQL. Jedwali ni ndogo, lakini folda ya pg_wal inajaza diski. Nifute mafaili ya zamani?

Usifute hata moja. Hayo ni kumbukumbu za mabadiliko, na ndiyo yanayoiokoa hifadhidata umeme ukipotea ghafla. Nakisia mliwahi kuwa na seva ya nakala, mkaiondoa, na sloti yake (alama ya nakala hiyo imesoma hadi wapi) ikabaki kwenye seva kuu. Sloti hiyo inaendelea kumwekea mafaili mtu asiyerudi. Tazama pg_replication_slots, ukiona ambayo active yake ni f (haitumiki), waulize wenzako kama kuna anayeitumia, kisha iondoe kwa pg_drop_replication_slot. Kama diski imeshajaa na Postgres imezima, ongeza nafasi kwanza ili iwake.

Kuanzia toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size ya kuweka kikomo cha mafaili ambayo sloti inaweza kuzuia. Bila kuiweka, kikomo hakuna.

Mafaili yatapungua chekipointi inayofuata (hifadhidata inapoandika mabadiliko yote kwenye diski) ikikamilika; kwa mpangilio wa kawaida, hifadhidata ikiwa inatumika, huanza ndani ya dakika 5. Yasipopungua, angalia archive_command, amri ya kunakili mafaili hayo kwingine: ikishindwa kunakili, nayo huyazuia.