Hiyo sarafu ya Leonidas si ya kale

Mdogo wangu, sarafu ya Leonidas, mfalme wa Sparta katika Ugiriki ya kale, unayouziwa hapo Iringa mjini haiwezi kuwa ya kale kama imeandikwa mwaka 480 kabla ya Kristo. Waliopigana naye vita vya Thermopylae mwaka huo wangejuaje Kristo atazaliwa lini? Ni ya ukumbusho, imetengenezwa siku hizi. Inaweza kuwa ya madini ya fedha halisi hata hivyo. Tafuta namba 999, alama ya fedha safi, kisha sonara aiweke kwenye mizani: sarafu ya aunsi moja ya kupimia fedha ina gramu 31.1. Ikinasa sumaku, achana nayo. Na usiisugue na majivu, mikwaruzo inashusha bei.

Kama babu aliacha rupia ya Mjerumani yenye sura ya Kaizari wao Wilhelm II, gramu 11.66, itunze hiyo. Ilitumika hukuhuku Uhehe, mimi naithamini zaidi.