AC30 ya zamani inakula valvu: using'oe GZ34, anza na umeme

Mkuu, umesema Vox AC30 ya mjomba wako, ile ampu ya gita ya miaka ya 60, inamaliza EL84 (zile valvu 4 za pawa, taa za kioo zinazosukuma spika) kila baada ya miezi michache, na fundi kakwambia atoe GZ34 (valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) aweke dayodi tupu (vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) halafu abadilishe kila kapasita iliyomo. Naomba usimpe kwanza. Mimi ninayo ya aina hiyo, nimepiga nayo kanisani na kwenye harusi miaka mingi na ilinisumbua hivyo hivyo.

Anza na umeme unaoingia. Kwenye ampu kuna kile cha kuchagulia volti, yangu nilikuta imekaa 225 wakati ukutani kwangu mita inasoma 243, nikapima moto wa hita (waya unaopasha valvu kwa ndani) nikakuta volti 6.8 badala ya 6.3, yani valvu zote zilikuwa zinapikwa hata kabla sijagusa gita. Nikahamishia 245, zikarudi sawa, na joto la boksi likapungua ukiweka mkono unasikia kabisa.

Kapasita kubwa za pawa hizo badilisha, zimezeeka, ndo zinaleta ule mvumo hata volyumu ikiwa sifuri. Ila weka thamani ile ile au karibu yake. Ukiweka kubwa mno ya kwanza pale GZ34 inapiga cheche ndani, na kile kitu cha sauti kuzama kidogo ukipiga kodi ya gita (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu halafu inachomoza tena kinapotea, na mimi nakwambia hicho ndo AC30 yenyewe, ndo maana sitaki GZ34 ing'olewe. Badala yake unga dayodi ya 1N4007 kwenye kila waya wa transfoma kabla haujaingia anodi (bati la ndani) ya GZ34. Siku valvu ikipiga shoti dayodi inazuia, transfoma inapona, na sauti haibadiliki kwa sababu valvu bado iko kazini. Ongeza na fyuzi ya miliampea 500 kwenye njia ya volti kubwa.

Zile kapasita ndogo za kupitisha sauti usibadilishe zote jamani. Chomoa EL84 zote 4, washa kidogo tu, pima volti za DC kwenye mguu namba 2 wa kila soketi. Pasipo na volti paache. Kwangu ilikuwa inavuja moja tu, volti moja na kitu, na kwa vile kila kapasita inalisha valvu mbili, nikizima taa ya chumbani nilikuwa naziona mbili za upande mmoja zimekuwa nyekundu bati zima. Nikabadilisha hiyo moja, wekundu ukaisha. Pima pia rezista ya kathodi (ile inayozuia EL84 zisipitishe mkondo mwingi mno), hizo 4 zote zinashea moja ya omu 50, thamani yake ikihama zinaumia pamoja.

Humo ndani kuna volti zaidi ya 300 na zinabaki hata ukichomoa plagi, kwahiyo zitoe kwa rezista kisha upime tena ndo uguse. Hakikisha chesisi ina ethi. Ukiwasha mara ya kwanza pitisha umeme kwenye balbu ya waya ya wati 100, ikibaki inawaka kwa ukali wake wote, kuna shoti.

Spika na transfoma ya kutolea sauti usiguse kama ni nzima, na kila kitu utakachotoa weka kwenye mfuko ukifunge humo humo ndani ya boksi. Leo usiku pima volti za ukutani na za hita, uniletee namba.